Jembe Chini ya Benchi: Matembezi katika Magazini za Kasuku

Mtu anayetoka Kalima, Pangi au Kampene hafiki katikati ya Kindu moja kwa moja. Barabara inamleta mpaka Alunguli, ukingo wa kuume wa Lualaba, na hapo inaishia majini, maana daraja hakuna. Anateremsha mzigo wake, anapatana bei na mwenye mtumbwi, anavuka. Ng'ambo ya pili kuna Kasuku na Mikelenge, komini mbili za upande wa gare ya treni. Mambo ya biashara na ya ofisi mengi yako Kasuku, na ndipo watu wa kariere wanapokwenda kununua vyombo vyao.

Jina Kasuku, kwetu sisi tunaosema Kiswahili, ni jina la ndege, yule wa rangi ya majivu na mkia mwekundu anayerudia maneno ya watu. Msitu wa Maniema unamjua sana, na wategaji wanamjua zaidi. Nilipokuwa nikipita magazini moja hadi nyingine niliona kwamba magazini nayo ni kasuku: haina maneno yake yenyewe, inarudia tu yale ambayo watu wanakuja kuomba kila siku. Ukitaka kujua nyumba za Maniema zinaishi kwa kazi gani, usiulize ofisi. Angalia kitu kilichotundikwa mlangoni, halafu angalia kile kilichosukumwa nyuma.

Mlangoni nilikuta mabeleshi, yamefungwa kumi kumi kwa waya, na mipini yake pembeni. Nilikuta baramini ndefu, piki, nyundo nzito, makarai, magunia matupu ya plastiki, buti za mpira, taa za kufunga kichwani, mipira mirefu ya kupitisha maji, na katika magazini kubwa mashine za kuvuta maji mashimoni, bado ndani ya karatoni zake za China. Ndani zaidi kuna sementi, mabati, misumari, na vipande vya pikipiki vya kila namna. Panga ziko nyingi, kwa sababu panga haina kabila: mkulima anaitaka, mchimbaji anaitaka, mjenzi anaitaka.

Na jembe? Katika magazini ya tatu nilimwuliza kijana aliyekuwa akiuza. Alifikiri kidogo, akainama chini ya benchi, akavuta majembe manne yaliyoshikwa na kutu, akayapangusa kwa kitambaa. «Haya ndiyo yamebaki, yaya. Wamama ndio wanauliza, mara moja moja.» Nikauliza shoka. Akacheka. Shoka hakuwa nalo, na katika magazini saba nilizozipita asubuhi ile sikuona hata moja mpya.

Hapo ndipo niliposimama, maana shoka linaeleza mambo mengi kuliko jembe. Vijana waliozaliwa karibu na mashimo pengine hawakuona kamwe jinsi kazi ya msitu ilivyopangwa. Mpunga wetu si kama ule wa Asia unaosimama ndani ya maji. Ni mpunga wa mvua, na unapandwa mahali msitu ulipokatwa na kuchomwa. Mwezi wa sita na wa saba, kiangazi chetu kifupi, wanaume wanafyeka vichaka kwa panga na kuangusha miti kwa shoka. Mwezi wa nane wanachoma. Mvua ikirudi mwezi wa tisa, wanawake wanapanda, wanapalilia, na watoto wanashinda shambani wakipiga kelele kufukuza ndege. Baada ya kama miezi minne wamama wanavuna, suke kwa suke, kwa kisu kidogo. Mpunga ukiisha kutoka, muhogo na ndizi vinabaki pale pale, na nyumba inakula mwaka unaofuata.

Sasa ondoa wanaume katika mpango huu. Baba yuko Kalima, kijana mkubwa yuko Kailo, wa pili anauza simu mjini. Mama peke yake hawezi kuangusha mti mkubwa. Anarudi kwenye shamba la zamani karibu na njia, ambalo udongo wake umechoka na majani mabaya yanaota kwa haraka. Hapo kazi ya jembe inaongezeka na mavuno yanapungua. Kwa hiyo familia haiachi kulima siku moja. Kwanza inaacha shoka. Shamba linakuwa dogo, halafu linakuwa la muhogo tu, halafu linakuwa la mboga nyuma ya nyumba. Mwenye magazini haoni mambo hayo yote. Yeye anaona tu kwamba mwaka huu hakuna aliyeuliza shoka, na safari ijayo haliweki katika orodha ya vitu vya kuleta.

Wazee wetu walijua magazini ya namna nyingine. Mpunga wenyewe uliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waungwana waliokaa Nyangwe na Kasongo, wakati wa Tippu Tip. Wabelgiji walipokuja waliujenga reli: kufikia 1911 ilikuwa inaunganisha Kindu na Kongolo, mwaka 1915 watu waliweza kuteremka mpaka Ziwa Tanganyika, na mwaka 1956 reli hiyo ikaunganishwa na ile ya Katanga kupitia Kabalo na Kamina. Mpunga na pamba vilipata njia ya kutoka.

Lakini tusidanganyane kwamba jembe lilipendwa tu. Sheria ya mwaka 1917 ililazimisha kila mwanaume wa kijiji kufanya kazi ya kilimo cha serikali siku 60 kwa mwaka, na mwaka 1942, wakati wa vita, siku hizo ziliongezwa zikawa 120. Mbegu za pamba zililetwa na kampuni, agronomi alipima shamba, na ambaye hakulima alijua njia ya gereza na kiboko. Babu aliyemkataza mjukuu wake kushika jembe, akimwambia asome awe karani, hakuwa mvivu. Alikuwa anakumbuka.

Pamoja na hayo, biashara ilikuwa na mpango unaoeleweka. Magazini ya mfanyabiashara ilikuwa na pande mbili. Upande wa mbele iliuza chumvi, vitambaa, sabuni, mafuta ya taa, majembe na mapanga. Upande wa nyuma kulikuwa na mizani, na hapo mfanyabiashara yule yule alinunua mpunga, ngazi na mafuta ya mawese. Mkulima alichukua jembe kwa deni mwezi wa saba, akalipa kwa magunia wakati wa kuvuna. Mara nyingi alipunjwa, hilo linajulikana. Lakini mwenye magazini alikuwa na sababu ya kutaka mkulima avune vizuri, maana deni lake lilikuwa limelala shambani.

Hata migodi ya wakati ule ilihitaji jembe. Symétain ilianzishwa mwaka 1932 na Kalima ikawa makao yake makubwa. Mwaka 1976 ikaunganishwa na kampuni nyingine za madini zikawa SOMINKI. Kampuni hizo ziliwapa wafanyakazi posho ya chakula, na chakula hicho kilinunuliwa kwa wingi vijijini. Mfanyakazi aliyechimba kasiterite na mkulima aliyepanda mpunga walikuwa ncha mbili za kamba moja.

Kamba hiyo ilikatika kidogo kidogo. Mnamo tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zichukuliwe na wananchi, na magazini nyingi zilibaki na milango bila bidhaa. Mwaka 1982 sheria iliwaruhusu watu wa kawaida kuchimba dhahabu na almasi kwa mikono. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka katika dunia nzima, SOMINKI ikaanza kupunguza watu, na mwaka 1997 ikafungwa. Waliofukuzwa kazi walikuwa na ujuzi mmoja: kuchimba. Mwezi wa kumi 1998 Kindu ilianguka mikononi mwa waasi wa RCD, treni ikasimama, na watu wa vijijini wakajificha msituni. Nani atapanda mpunga wa miezi minne kama hajui atalala wapi kesho? Mpunga ukiiva, mwenye bunduki anauvuna. Dhahabu inaingia mfukoni. Mwaka 2000 bei ya koltani ikapanda ghafla kwa ajili ya viwanda vya simu na vya ordinatere, na mabeleshi yakapata soko lisilokwisha mpaka leo.

Treni ilirudi mwaka 2004, lakini si treni ile ya zamani. Haina siku wala saa. Anayelima Kibombo anaweza kuweka magunia yake gare na kuyalinda muda mrefu kwa sababu ya panya na mvua. Wengi wanapendelea velo: magunia mawili au matatu yanafungwa, mtu anasukuma kwa miguu kilometa nyingi, analipa kwenye kila kizuizi. Tukumbuke hilo kabla ya kuwaambia vijana ni wavivu. Anayeshinda ndani ya shimo akipiga mwamba si mvivu. Amefanya hesabu, na sisi wazazi hatujampa hesabu nyingine inayoishinda.

Wakati wa vita na baada yake, mashirika ya msaada, ya Kanisa na ya Umoja wa Mataifa, yaligawa mbegu na majembe ya bure. Familia zilizotoka msituni mikono mitupu zilishukuru, na ilifaa zishukuru. Lakini tuangalie kwa macho ya mwenye magazini. Amelipia majembe, amelipia usafiri, halafu jembe jipya linauzwa sokoni kwa nusu ya bei yake na mtu aliyelipewa bure. Mwaka unaofuata haleti tena. Msaada ukiondoka, majembe ya bure yamekwisha, na ya kununua hayajarudi. Ndiyo kazi anayobaki nayo mhunzi, yule anayekata lesori ya lori la zamani na kuitengeneza kuwa jembe. Jembe lake ni zito, lakini halipindi.

Mwenye magazini moja, mzee aliyefanya biashara Kasuku tangu ujana wake, alinieleza bila kuficha. «Mulimaji ananiambia: papa, ngoja, nitalipa wakati ya kuvuna. Mukrezeri analipa siku ile ile, au kisha juma moja. Na beleshi yake inakwisha mbio, mawe inaikula, anarudi. Jembe moja mama anaitumia miaka tatu. Hata kama ni wewe, utafanya namna gani?» Sikuwa na jibu la kumpa. Nikamwuliza mbegu. Akatikisa kichwa. «Beleshi haiozi. Mbegu, ukikosa muuzo mwezi wa tisa, mwezi wa tatu ni takataka.»

Ni kweli. Mbegu ya mpunga haivumilii joto na unyevu wa Kindu mwaka baada ya mwaka. Anayeuza mbegu anapaswa kuamini kwamba mnunuzi yupo, kwamba amekwisha kufyeka, na kwamba atakaa mahali pamoja mpaka mavuno. Beleshi halidai imani ya namna hiyo. Mwenye kulinunua anaweza kuhama usiku akisikia kwamba dhahabu imeonekana mahali pengine.

Mabadiliko kama haya hayako Kasuku peke yake. Marekani kuna kampuni iitwayo Tractor Supply, iliyoanza Chicago mwaka 1938 ikiwauzia wakulima vipande vya matrekta kwa njia ya posta. Leo inauza kwa wingi chakula cha mbwa na cha farasi, na nguo. Nchi hiyo ilikuwa na mashamba zaidi ya milioni 6 katika miaka ya 1930, na mwaka 2022 yalihesabiwa kama milioni 1.9. Ila huko, mkulima mdogo alipoondoka, mkubwa alichukua ardhi yake akalima kwa mashine, na maduka ya chakula hayakukauka. Kwetu, mama akiacha shamba, hakuna trekta linalokuja nyuma yake. Msitu ndio unaokuja.

Serikali nayo ilijaribu kurudisha watu kwa amri. Tarehe 11 Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Maniema, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na katazo hilo likaondolewa tarehe 10 Machi 2011. Wengi walisema: basi, watu watalima. Lakini soma tarehe hizo kwa macho ya mkulima. Mwezi wa tisa ni wa kupanda, si wa kufyeka. Aliyefukuzwa shimoni tarehe 11 alikuta miti imesimama na mvua imeanza. Hakuwa na shamba la kuchoma, hakuwa na mbegu, na shoka lilikuwa halipo magazini. Na katazo lilipoondolewa mwezi wa tatu, beleshi lilikuwa bado mlangoni linamngoja.

Kuna kitu kimoja cha kulima ambacho Kasuku inakiuza zaidi kuliko zamani: mbegu za mboga. Ziko katika vipakiti vyenye picha ya nyanya nyekundu mno, au zinapimwa kwa kijiko kutoka kopo lililofunguliwa: nyanya, kabichi, vitunguu, biringanya. Wanunuzi ni wamama wa mjini wenye bustani ndogo karibu na maji. Wanavuna kisha majuma machache, wanauza wenyewe sokoni, wanalipa shule ya watoto. Ni kazi nzuri na ninaisifu. Ila nyanya haijazi tumbo. Mchele, unga wa muhogo na mawese vya watu wa kariere vinatoka mbali, mgongoni mwa velo na pikipiki, na kila kilometa inaongeza franka. Ninyi mnaosoma gazeti hili kule mashimoni mnazijua bei hizo kuliko mimi.

Mama mmoja aliingia katika magazini ya yule mzee wakati tukiongea. Alikuwa mama wa makamo, amevaa kitambaa cha wamama wa parokia. Alisalimu, akauliza mbegu ya mpunga. Mzee akamjibu kwa upole: «Mama, ile haiko. Nenda soko.»

«Soko nimetoka. Yote ni muchele.»

Hapo kuna jambo ambalo watoto wa mjini hawalifikirii. Mchele uliokobolewa hauoti. Ukipita mashine ya kukoboa, punje imekuwa chakula tu. Zamani mama alitenga mpunga wa mbegu siku ya kuvuna, akauweka juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiuguse, na hakuna mtoto aliyethubutu kuugusa hata njaa ikiwa kali. Ghala lile ndilo lililokuwa magazini ya mbegu. Mfanyabiashara hakuwa na haja ya kuziuza. Mama huyu alinieleza kwamba mwaka juzi mume wake aliugua na walikula mbegu zote. Mwaka jana hakulima. Mwaka huu alitaka kuanza tena, akakuta kwamba mlango huo ukifungwa kutoka ndani, huko nje hakuna wa kuufungua.

Mzee wa magazini alimshauri avuke Alunguli mapema asubuhi, awangojee wenye velo wanaotoka vijijini kabla hawajafika mashine. Nilivuka naye kesho yake, kwa sababu njia yangu ilikuwa ile. Kweli tulimkuta kijana mmoja mwenye magunia mawili ya mpunga bado na maganda. Kijana alishangaa. «Mama, hii ni ya kukoboa. Mbegu si najua?»

«Wewe unipe kopo moja kwanza, mutoto wangu,» mama akasema. Akamimina mpunga ndani ya sufuria yenye maji, akakoroga kwa mkono. Punje zilizoelea akazitoa na kuzitupa. Zilizozama alizichota, akavunja tano au sita kwa meno, akazitazama ndani. Akanunua nusu gunia kwa bei ya mchele, bila kubishana sana. Nyingine akazifunga katika kitambaa kilicholowa, ili aone baada ya siku chache ni ngapi zitakazochipua kabla ya kumwaga zote udongoni.

Nilimwuliza shamba liko wapi. Alinionyesha kwa kidevu nyuma ya Alunguli, njia ya Kalima. Lilikuwa limefyekwa vichaka, lakini miti mikubwa ilikuwa bado imesimama na tulikuwa tarehe 20 ya mwezi wa nane. Aliazima shoka kwa jirani. Watoto wake wawili wa kiume, wenye nguvu za kulishika, walikuwa Kalima, na siku ile alimpa mwenye pikipiki wa kwanza aliyekuwa anaelekea huko karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye majina yao juu.